Kinachobaki Katika Nafsi Baada ya Msiba

KHUTBA YA KWANZA

Himdi zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa, ambaye kila kitu mbele Yake kina muda uliopimwa. Tunamhimidi kwa tunachokipenda na kwa tunachokichukia. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Sala na salamu zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata uongozi wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlioko msikitini na mnaotusikiliza majumbani mwenu, tunaziusia nafsi zetu na zenu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika raha na katika dhiki.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo hapana nyumba isiyolijua: msiba, na athari yake katika nafsi ya mtu. Mtu akifikwa na msiba, swali tulilozoea kuuliza ni hili: jee, amesubiri? Nalo ni swali jema. Lakini lipo swali la pili, ambalo huja baada ya matanga kwisha, mikeka ikakunjwa na wageni wakarejea makwao: jee, mtu huyu sasa amekuwa nani?

Kwani msiba humbadilisha mtu hata jina. Mwanamke aliyekuwa jana akiitwa mke wa fulani, leo huitwa kizuka. Mtoto aliyekuwa na jina lake zuri alilopewa siku ya akika, leo hutambulishwa kwa wageni kwa neno moja tu: yatima. Na ndani ya nafsi hupita mabadiliko makubwa kuliko hayo ya majina. Wazee wetu walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukimwona mtu mzima anaogopa bahari iliyotulia, au hawezi kupita mbele ya nyumba fulani, au anaficha chakula katika nyumba yenye chakula tele, jua kwamba yako mambo ya zamani yanayosema kwa ulimi wa leo.

Basi dini yetu inatufundisha nini katika jambo hili? Jee, inatuamrisha tusahau?

Wanafunzi wetu na waitazame Sura ya Wadh-dhuha, ambayo ni ya 93. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha kufa. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alifiwa na mama yake, Bibi Amina, pahala panapoitwa Abwa, njiani baina ya Madina na Makka. Akalelewa na babu yake, Abdul Muttalib, naye akafa mtoto angali na miaka 8. Khalafu akachukuliwa na ami yake, Abu Talib. Katika sura hii Mwenyezi Mungu hamwambii Mtume Wake ayasahau hayo. Anamkumbusha! Anamkumbusha kuwa alikuwa yatima naye akampa makazi, kuwa alikuwa hajui njia naye akamwongoza, kuwa alikuwa mhitaji naye akamtosheleza. Na baada ya makumbusho hayo matatu zinakuja amri tatu: asimwonee yatima, asimkaripie mwenye kuomba, na azitaje neema za Mola wake.

Zingatieni mpango huu, ndugu zetu. Kwanza linakumbushwa jambo lililomtia mtu uchungu. Pamoja nalo unakumbushwa mkono uliomshika katika uchungu ule. Kisha linafuata la kufanya kwa ajili ya watu wengine. Anayebaki na lile la kwanza peke yake, akakumbuka uchungu tu, huyo kumbukumbu humgeukia kifungo. Na anayeyakusanya yote matatu, msiba wake humgeukia elimu na huruma.

Na ili jambo hili lisibaki kuwa maneno matupu, tutautazama mfano wa Mama wa Waumini, Bibi Umm Salama, Mwenyezi Mungu amwie radhi.

Jina lake ni Hind binti Abi Umayya, wa Bani Makhzum katika Makureshi. Yeye na mumewe, Abu Salama, walikuwa katika watu wa mwanzo kusilimu. Makka ilipowadhiki walihama kwenda Uhabeshi, wakaishi ugenini katika himaya ya mfalme Najashi. Waliporejea Makka waliyakuta mateso yangali pale pale. Na njia ya Madina ilipofunguka, kabla ya Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe kuhajiri mwaka 622, Abu Salama alimpandisha mkewe juu ya ngamia, akampakatisha mtoto wao Salama, wakaanza safari.

Hawakufika mbali. Jamaa za mwanamke waliwafuata, wakamkataza mume kuondoka na binti yao, wakamnyang'anya hatamu. Jamaa za mume walipopata khabari walighadhibika, wakasema kuwa mtoto ni wao. Wakamvuta hawa huku na wale kule, mpaka mkono wa mtoto ukateguka. Jamaa za baba wakenda na mtoto, mume akashika njia ya Madina, na mama akabaki mikononi mwa jamaa zake. Siku moja ilitosha kuwatenga watu watatu wa nyumba moja.

Kila asubuhi Bibi Umm Salama alitoka akenda kukaa Abtah, akilia mpaka jioni. Akaendelea hivyo kwa muda wa mwaka mmoja au karibu ya mwaka. Hata siku moja akapita mtu mmoja katika binamu zake, akamwona na hali yake, akamhurumia. Akenda akawasemesha jamaa zake, nao wakampa ruhusa ya kumfuata mumewe. Na jamaa za mume wakamrejeshea mwanawe. Akapanda ngamia, mtoto mapajani, peke yake, hana wa kumsindikiza ila Mwenyezi Mungu.

Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha. Mtu huyu wakati ule alikuwa bado hajasilimu. Alimwuliza aendako, na alipojua kuwa hana mwenziwe aliona si muruwa kumwacha. Akaikamata hatamu ya ngamia, akamwongoza njia nzima mpaka Quba, karibu na Madina. Kila wakifika kituo humpigisha ngamia magoti, kisha akajitenga mpaka mama yule ateremke. Humfunga ngamia katika mti, naye akenda kulala mbali chini ya mti mwingine. Walipokiona kijiji cha Quba alimwambia kuwa mumewe yumo humo, naye akageuka akarejea Makka.

Ndugu Waislamu, jee, khabari hii tumeijuaje? Tumeijua kwa sababu Bibi Umm Salama mwenyewe aliisimulia. Na tutazame alivyoisimulia. Hakuuficha mkono wa mwanawe ulioteguka, wala hakuyaficha machozi ya Abtah. Dhuluma aliitaja kuwa ni dhuluma. Lakini hakumsahau binamu yake aliyemhurumia. Na Uthman bin Talha alimsifu kuwa hajapata kuona katika Waarabu mwenza wa safari aliye karimu kuliko yeye. Na khabari mashuhuri ya mfalme Najashi, jinsi alivyowasikiliza wakimbizi wa Kiislamu na kukataa kuwatoa kwa maadui zao, nayo pia imetufikia kwa kupokewa kwake Bibi huyu huyu.

Hapo ndipo penye mazingatio. Mwanamke aliyeteswa kiasi hiki ndiye aliyewahifadhia Waislamu majina ya watu waliomtendea wema, na baadhi yao wakati wa wema ule hawakuwa wa dini yake. Moyo wake haukujaa maadui hata wakakosa nafasi wahisani. Wema hauozi, wasema wazee wetu. Lakini lazima apatikane wa kuuhifadhi.

Misiba yake haikwisha hapo. Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud, na jeraha lile likamrudia, akafariki mwaka wa 4 wa Hijra. Bibi Umm Salama alikuwa amefundishwa dua anayoisoma aliyefikwa na msiba, ya kurejesha jambo kwa Mwenyezi Mungu na kumuomba badala iliyo bora. Lakini moyo wake ukajiuliza: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Hata hivyo akaisoma. Hapa tunaona kuwa swali la moyo uliovunjika halikumtoa katika imani. Alilibeba pamoja na dua yake. Eda yake ilipokwisha, Bwana Mtume (s.a.w.) alimposa. Naye akaeleza wazi kuwa yeye ni mwenye wivu, umri umepita, na ana watoto. Bwana Mtume (s.a.w.) akaukubali ulezi wa watoto wale, nao wakahamia nyumbani mwake.

Mmoja katika watoto hao aliitwa Umar bin Abi Salama. Alipokuwa mtu mzima alisimulia kuwa alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka katika sahani. Mtume akamfundisha kwa upole ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Akasema kuwa tangu siku ile huo ndio ukawa ulaji wake. Mtoto huyu alifiwa na baba angali mdogo. Lakini alilowasimulia watu ukubwani ni sahani moja, aliyokula pamoja na mtu aliyemfundisha bila ya kumfedhehi.

Kisha ukafika mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, siku ya Hudaibiya. Waislamu wapatao 1,400 walikuwa wamefunga nia ya umra, nao wakazuiliwa kuingia Makka. Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe. Akawaambia mara tatu, hapana aliyeinuka, kwa huzuni iliyowashika. Akaingia hemani kwa Bibi Umm Salama akamweleza. Naye akampa rai: atoke asimsemeze mtu hata neno moja, achinje mnyama wake, na amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo. Watu walipomwona wakainuka wote wakafuata.

Sisi tunaona kuwa rai ile haikutoka hewani. Yeye aliwahi kukaa Abtah siku baada ya siku. Aliijua huzuni ya mtu anayezuiliwa asifike kwa anachokipenda. Alijua kuwa aliyekaa na huzuni kama ile hainuliwi kwa maneno mengi; huinuka akimwona mwenziwe ametangulia kuinuka. Machozi ya zamani yalikuwa yamegeuka kuwa akili na huruma, na siku ile yakawafaa Waislamu wote.

Basi huyo ndiye mtu anayejengwa na msiba wake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo kama hizo. Tunasema kauli yetu hii, na tunamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Nanyi muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Himdi ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, tumeyasikia ya Makka na Madina. Sasa na tutazame ya kwetu. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya sikukuu ya Idd-el-Fitr, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi, imejaa watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Mamia ya watu walikufa, na wengi miili yao haikuonekana. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imezama meli ya Bukoba katika Ziwa Victoria, ikielekea Mwanza.

Mtoto aliyekuwa na miaka 3 ilipozama Spice Islander hivi leo si mtoto tena. Wapo waliokua bila ya baba, na bila ya kaburi la kuzuru siku ya Idi. Mtu wa namna hii tumwambie nini? Tumwambie aliyokuja nayo Mtume wetu (s.a.w.), kwamba Muislamu aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi. Na kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, asiye mbele ya macho huswaliwa Sala ya Ghaibu, kama Bwana Mtume alivyomswalia mfalme Najashi aliyekufa Uhabeshi. Na mwanamke ambaye mumewe hakuonekana, hai wala maiti, asiachwe akae mwaka baada ya mwaka hajijui kuwa ni mke au ni mjane. Jambo lake lipelekwe kwa Kadhi au kwa wanazuoni, lihukumiwe kwa sharia. Kwani kumwacha mtu katika hali ya kutojijua ni kumwongezea msiba juu ya msiba.

Tumesema kuwa kumbukumbu isiwe kifungo. Lakini asije mtu akadhani kuwa subira maana yake ni kusahau makosa. Tarehe 18 Julai 2012, kabla haujatimia mwaka, meli nyingine, Skagit, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Kukumbuka kuwa chombo kina kiasi chake, na kukataa kupanda au kupakia kupita kiasi hicho, ni katika haki za wale waliokufa juu yetu. Aliyesahau hilo hakusubiri, amepuuza.

Ama uchungu wa baina ya jamaa, huo ndio unaohitaji tahadhari kubwa. Nabii Yusuf (a.s.) alitupwa kisimani na nduguze, akauzwa, akafungwa. Siku alipokutana na wazee wake na ndugu zake hao, alitaja neema ya kutolewa gerezani, wala hakukitaja kisima. Na wafasiri wamesema kuwa aliwachelea ndugu zake fedheha baada ya kuwasamehe. Lakini majumbani mwetu wapo wanaomfundisha mtoto majina ya aliogombana nao baba yake kabla ya kumfundisha mema aliyoyatenda baba huyo. Mtoto anarithi ugomvi wa shamba asilopata kuliona. Huko ni kumjengea mtu nafsi kwa mawe ya watu wengine.

Kwa hivyo tunawausia mambo manne. La kwanza, aliyefiwa msimharakishe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na akabainisha kuwa machozi ya macho na huzuni ya moyo havina dhambi, maadamu ulimi hausemi la kumchukiza Mola. La pili, mtajeni maiti mbele ya watoto wake: alivyokuwa akisema, alichokuwa akikipenda, aliyemsaidia. Mtoto asiyesikia khabari za baba yake hujitungia mwenyewe, na pengine hujitungia lililo baya. La tatu, mali ya yatima iandikwe na ihifadhiwe mpaka akue, maana yatima akija kugundua kuwa aliliwa na ami yake, huo huwa msiba wa pili, na mara nyingi ndio anaoukumbuka zaidi. La nne, msimwite mtoto yatima mbele ya wenziwe. Mwiteni kwa jina lake.

Na kwenu ninyi vijana na wanafunzi mliofiwa, au mliokulia katika dhiki: msione haya kwa yaliyokupateni, wala msiyafanye kuwa ndiyo jina lenu lote. Kaa siku moja ujiulize: katika dhiki ile, ni nani aliyenishika mkono? Jirani aliyeleta uji? Mwalimu wa chuo aliyekufundisha bila ya kukudai ada? Bibi aliyekulaza mkekani kwake? Yaandike majina yao, waombee dua, na walio hai waendee uwashukuru. Kisha mtazame aliye katika hali uliyokuwa nayo wewe, umfanyie kama ulivyofanyiwa. Na kama hukufanyiwa na mtu, basi umfanyie kama ulivyotamani kufanyiwa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, miaka 20 ijayo yatima wa leo watakuwa watu wazima, na watasimulia. Wengine watataja mlango uliofungwa usoni mwao, na wengine watataja sahani waliyokaribishwa. Watakayoyasimulia siku hiyo tunayatenda sisi sasa hivi, katika nyumba zetu. Basi kila mmoja wetu na ajitazame atatajwa kwa lipi.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, waliozikwa ardhini na waliobaki katika maji. Zipoze nyoyo za waliofiwa, wala usizifanye kavu. Uwalinde yatima wetu kwa mikono yetu, wala usitufanye sisi kuwa msiba wao. Utukumbushe neema Zako pale tunapokumbuka machungu yetu, na uturuzuku kushukuru waliotutendea wema, walio karibu na walio mbali. Utughufirie sisi na wazee wetu na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni. Simamisheni Sala.